Embe linatoka mtini safi, likiiva linatoa madoa: kinga yake inakwenda wapi?

Mkulima wa Tongoni aliandika:

Wanajukwaa, salaam aleikum. Ninaomba maelezo kuliko ninavyoomba dawa, kwa sababu dawa nimekwisha kutajiwa nyingi, na wanaonitajia hawanielezi inafanya kazi gani.

Nina miembe 34 hapa Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, mingi ikiwa ya dodo na michache ya bolibo aliyoipanda marehemu baba yangu. Desemba iliyopita nilichuma matenga kumi na moja, na maembe yote niliyashika mwenyewe moja moja kabla ya kupangwa. Yalikuwa yamekomaa, ya kijani, ganda halina jeraha wala doa. Siku ya sita mnunuzi wangu wa Dar es Salaam alinipigia simu akiwa amekasirika mno, akidai kwamba nimemfichia mabovu chini ya matenga. Picha alizonitumia zilinisikitisha. Maembe yalikuwa na madoa meusi yaliyobonyea kidogo, na katika mengine madoa hayo yalikuwa yameungana yakawa michirizi inayoteremka kutoka kwenye kikonyo hadi tumboni mwa embe, mfano wa machozi yaliyokaukia shavuni.

Kwa bahati nilikuwa nimebakiza maembe kumi na mawili ya mchumo uleule. Sita niliyavundika ndani ya kiroba pamoja na majani makavu ya mgomba, na sita niliyaacha juu ya rafu jikoni penye upepo. Yaliyovundikwa yalitoa madoa siku ya tano. Yale ya rafuni yalichelewa hadi siku ya tisa, lakini nayo yakatoa, na katika yote kumi na mawili sikuona doa hata moja kabla ganda halijaanza kugeuka manjano. Jambo hilo ndilo linalonisumbua. Ikiwa ugonjwa uliingia safarini, haya yaliyobaki nyumbani yaliupata wapi? Na ikiwa ulikuwamo tangu mtini, ni kitu gani kiliuzuia usijitokeze kwa wiki zote zile?

Bwana shamba wetu aliyatazama akasema ni chule, ugonjwa unaoletwa na kuvu, akaongeza kwamba mimea ina kemikali zake yenyewe za kupambana na kuvu. Hakuwa na muda wa kueleza zaidi. Naomba anayefahamu anieleze kemikali hizo ni zipi, embe linaziweka wapi, na kwa nini zinalitupa mkono wakati uleule ninapotaka kuuza.

Binti wa Amani aliandika:

Wa aleikum salaam, kaka wa Tongoni. Nimefanya kazi ya magonjwa ya mimea hapa mkoani kwa muda, na ninakushukuru kwa jaribio lako la maembe kumi na mawili, maana umelijibu nusu ya swali wewe mwenyewe. Ugonjwa ulikuwamo tangu mtini. Hukumficha mnunuzi wako kitu chochote, kwa kuwa siku ya kuchuma hapakuwa na kitu cha kuonekana kwa macho.

Kuvu ya chule ya miembe, ambayo jina lake la kitaalamu ni Colletotrichum gloeosporioides, huishi kwenye vijiti vilivyokauka, kwenye majani yaliyokufa na kwenye vikole vya maua vinavyobaki vikining'inia mtini baada ya msimu. Mvua inaponyesha, matone huzibeba spora zake, yaani mbegu zake ndogo mno, na kuziteremsha juu ya matunda machanga. Michirizi uliyoifananisha na machozi inafuata njia yaliyopita maji hayo. Spora ikipata unyevu kwa saa kadhaa huota, hujenga kifundo cheusi kigumu kinachojigandisha juu ya ganda, kisha kutoka ndani ya kifundo hicho husukuma uzi mwembamba unaotoboa nta ya juu ya ganda. Halafu husimama. Inaweza kukaa hivyo kwa wiki nyingi, hai lakini imetulia, huku embe likionekana safi hata kwa mchumaji mwangalifu kama wewe.

Kinachoisimamisha ni kemikali zilizomo ndani ya ganda bichi. Zilizochunguzwa sana huitwa risosinoli, vitu vya asili ya mafuta vyenye mkia mrefu wa kaboni 15 au 17. Wengi wetu tumezifahamu kwa ngozi kabla ya kuzifahamu kwa jina: mtoto akila embe bichi bila kulimenya, akaamka kesho yake na vipele pembezoni mwa midomo, amekutana na vitu hivyo hivyo. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na mafuta ya ganda la korosho yanayochubua vidole vya mbanguaji yana kemikali za jamii hiyo. Pamoja na risosinoli zipo tanini, ambazo ndizo zinazoukausha ulimi unapotafuna ganda bichi.

Embe linapoiva, kiasi cha risosinoli gandani hushuka, sukari huongezeka na ganda hulainika. Kuvu iliyokuwa imetulia huamka ikakuta chakula kipo na mlinzi ameondoka. Sasa rudi kwenye kiroba chako. Kuvundika kunaharakisha kuiva, kwa hiyo kunaharakisha pia kuondoka kwa kinga, na hewa ya joto na unyevunyevu iliyomo humo inaifaa sana kuvu. Siku nne ulizoziona kati ya fungu moja na jingine ni tofauti ya kasi ya kuiva. Ugonjwa ulikuwa mmoja.

Habari hii imefuatiliwa kwa undani zaidi katika parachichi, zao ambalo ndugu zetu wa Lushoto wanalijua vyema. Dov Prusky na wenzake nchini Israeli walionyesha kwamba ganda la parachichi bichi lina kitu cha mafuta kiitwacho dieni, ambacho huizuia kuvu ya chule isiendelee. Tunda hilo hilo lina kimeng'enya kinachoweza kuivunja dieni, lakini tunda likiwa bichi kimeng'enya hicho hutulizwa na kitu cha tatu, epikatekini. Parachichi likianza kulainika epikatekini hupungua, kimeng'enya hupata nafasi ya kufanya kazi, dieni huvunjwa, na doa hutokea. Kwa maoni yangu si sawa kusema kwamba tunda lililoiva limedhoofika. Mti ulilifanya ganda liwe chungu na lenye kuwasha kwa muda wote ambao mbegu ilikuwa haijakomaa. Mbegu ikishakomaa, mti unahitaji popo na ngedere waje, na kemikali zilezile zingewafukuza.

Hizo nilizozitaja ni kemikali za akiba, ambazo adui anazikuta zimekwisha kuwekwa. Zipo nyingine ambazo mmea hauzitengenezi mpaka uguswe. Mwaka 1940 Wajerumani wawili, K. O. Müller na H. Börger, waliviambukiza viazi mviringo kwa kimelea cha bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani ya viazi na nyanya, cha aina isiyoweza kuvidhuru, kisha wakaweka aina kali juu ya sehemu ileile. Aina kali ikashindwa kukua. Walihitimisha kwamba kiazi kilikuwa kimetengeneza kitu kipya cha kujikinga, wakakiita fitoaleksini. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mtama. Chini ya hadubini unaona seli iliyoguswa na kuvu ikijaza vifuko vidogo vyenye rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Vifuko hivyo husogea mpaka mahali hasa ambapo kuvu inataka kupenya, hupasuka hapo, na kuvu hufa pamoja na seli iliyovibeba. Seli za jirani hubaki nzima.

Mzee wa Mlalo aliandika:

Wanangu, nimesoma kwa makini na nimefurahi. Mimi nalima mboga huku Mlalo, wilayani Lushoto, na nina mambo mawili ambayo naomba Binti wa Amani ayatazame.

La kwanza ni pingamizi. Kama tunda bichi ndilo lenye kemikali nyingi za kujikinga, mbona nyanya zangu zinaoza zikiwa bichi? Masika inapokaza na ukungu wa mlimani ukakaa shambani hadi saa nne asubuhi, bakajani chelewa huyaunguza majani kwa siku chache, na nyanya ambazo hazijapata hata dalili ya wekundu hushika baka la kahawia, gumu, lililoparuza ukiligusa. Hazingoji kuiva. Kanuni ya embe inaonekana haikufika kwetu.

La pili ni jambo ambalo nimeliona kwa miaka mingi bila kulielewa. Nikihifadhi vitunguu vyekundu na vyeupe kwenye dari moja, vyeupe hushika madoa meusi kama masizi kwenye maganda ya nje, tena yakiwa yamejipanga kwa duara, na vyekundu vilivyo kando yake hubaki safi. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba rangi ya kitunguu ndiyo dawa yake. Mimi nilidhani ni maneno tu ya jikoni.

Binti wa Amani aliandika:

Shikamoo mzee. Pingamizi lako ni la haki, na jibu lake limo katika namna kemikali ya nyanya inavyofanya kazi.

Nyanya ina kitu kiitwacho tomatini, ambacho kimo kwa wingi katika majani, mashina na matunda mabichi, na hushuka sana tunda linapoiva. Mpaka hapo inafanana na embe. Tomatini ni ya jamii ya saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni. Ikikutana na kuvu, hushikamana na steroli, ambazo ni sehemu ya utando unaoizunguka seli ya kuvu; utando huo hutoboka, yaliyomo huvuja, na seli hufa. Silaha hii basi inategemea adui awe na steroli za kushikwa. Kimelea cha bakajani chelewa, Phytophthora infestans, tunakiita ukungu kwa mazoea, lakini si kuvu halisi. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko uyoga, hakitengenezi steroli zake chenyewe, na kwa hiyo tomatini haipati pa kushika vizuri. Kanuni ilifika Mlalo, mzee wangu, ila adui aliyekuja si yule ambaye kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili yake.

Hata kuvu halisi nyingine zimepata njia. Ile iletayo mnyauko fuzari hutoa kimeng'enya kinachokata sukari zilizoungana na tomatini, na tomatini iliyokatwa sukari zake haina tena nguvu yake ya awali. Huku kwetu nikipita kwenye mashamba ya mkonge huikumbuka habari hii, kwa sababu maji ya majani ya mkonge yana saponini tele, na bado mkonge chotara namba 11648 unasumbuliwa na ugonjwa wa milia kwenye majani, ambao nao huletwa na Phytophthora, ndugu wa yule adui wa nyanya zako.

Kuhusu vitunguu, marehemu mama alisema kweli, Mungu amrehemu. Watafiti K. P. Link na J. C. Walker, waliokuwa Wisconsin nchini Marekani, pamoja na wenzao, walilichunguza jambo hilo hilo la madoa meusi. Mwaka 1929 walitangaza kwamba katika maganda makavu ya vitunguu vyenye rangi wamepata asidi protokatekiki, na mwaka 1933 wakaongeza katekoli. Vitu hivyo viwili huyeyuka katika maji. Tone la unyevu likikaa juu ya ganda jekundu, huyeyusha vitu hivyo, na spora ya kuvu iliyomo ndani ya tone hilo huuawa kabla haijaota. Ganda jeupe halina akiba hiyo. Rangi yenyewe haiui kitu. Husafiri tu pamoja na kemikali zinazoua, na ndiyo maana jicho la mama lilitosha kuziona. Angalia, hata hivyo, kwamba kinga hii imo katika maganda makavu ya nje peke yake. Wanaovimenya vitunguu ili vipendeze sokoni wanaitupa, na kuvu ya kuoza shingo haikutani nayo kabisa, kwa sababu huingilia juu, penye shingo ambayo haijakauka sawasawa.

Mkulima wa Tongoni aliandika:

Dada, ahsante sana. Nimeyasoma maelezo haya mara tatu na mara ya mwisho nilimsomea mke wangu kwa sauti. Sasa nauliza linalofuata. Ikiwa ganda bichi lina dawa, je, siwezi kuisaga dawa ya mmea mmoja nikaupulizia mwingine? Hapa jirani tunachemsha vitunguu saumu, pilipili na majani ya muarobaini, tunachuja, tunapulizia. Wengine wanaapa kwamba yanasaidia, na mimi niliyapulizia mwaka jana wiki mbili kabla ya kuchuma, nikapata matokeo mliyoyaona.

Bibi wa Pangani aliandika:

Mwanangu wa Tongoni, mimi si mtaalamu, ila maembe nimeyauza tangu yakibebwa kwa jahazi. Nataka kuuliza umeyachumaje. Vijana siku hizi hulitikisa tawi au hulivuta embe likakatika pale pale kwenye shingo, na utomvu wote ukaruka nje, ukalichoma ganda, na yote yaliyokuwa ndani yakamwagika. Sisi tulifundishwa kuchuma kwa upondo wenye kifuko, embe linashuka na kikonyo chake kirefu kama kidole, na kikonyo hakiguswi mpaka embe liive. Maembe ya namna hiyo yalikuwa yakichelewa kuharibika. Sababu yake sikuambiwa, niliambiwa tu kwamba embe lisinyang'anywe maji yake. Huenda Binti anaijua.

Binti wa Amani aliandika:

Bibi, shikamoo. Ulichofundishwa kina msingi wa kisayansi ulio wazi. Ganda la embe lina mifereji midogo iliyojaa utomvu chini ya mgandamizo mkubwa, na utomvu huo una risosinoli zilezile nilizozieleza, pamoja na vimeng'enya vinavyomeng'enya kitini, ambayo ndiyo nguzo ya ukuta wa seli ya kuvu. Kikonyo kikikatika shingoni, mifereji hufunguka na sehemu ya akiba hiyo humwagika, tena ikiliunguza ganda inapopita. Kikonyo kikiachwa, utomvu hubaki mahali pake.

Kaka, kuhusu vitunguu saumu, tatizo limo katika neno "tunachemsha". Kitunguu saumu kizima hakina sumu ile kali unayoinusa. Kimeweka kitu kimoja, aliini, upande wake, na kimeng'enya cha kuibadili upande mwingine; kikipondwa, viwili hivyo hukutana na kwa muda mfupi tu hutokea alisini, ambayo kweli huua kuvu. Ni kama njiti ya kiberiti na kisanduku chake, ambavyo havina moto mpaka visuguane. Mahindi machanga yana mpangilio wa namna hiyo hiyo: sumu yao, DIMBOA, huhifadhiwa ikiwa imefungwa na sukari, na kimeng'enya cha kuifungua hukaa mbali nayo mpaka seli ivunjwe. Sasa ukivitia vitunguu saumu vizima kwenye maji yanayochemka, umekiua kimeng'enya kabla ya mkutano huo, na hata alisini iliyokwisha kutokea haidumu kwenye joto. Ukitaka kujaribu, viponde vibichi, viache dakika kumi, changanya na maji ya baridi na utumie siku hiyo hiyo. Lakini sikuahidi mengi, kwa sababu mmea huiweka sumu yake mahali padogo, ikiwa nzito, pale hasa kuvu inapopenya, na sisi tunainyunyiza ikiwa nyepesi juu ya mti mzima, kisha mvua ya vuli inaiosha.

Kosa kubwa zaidi, na nakuomba usiudhike, ni wakati. Ulipulizia wiki mbili kabla ya kuchuma, ambapo kuvu ilikuwa imekwisha kuingia chini ya nta ya ganda kwa muda mrefu. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa, na dawa nyingine za shaba, hukaa nje ya ganda na huua spora kabla haijatoboa. Iliyokwisha kutoboa haiifikii. Kwa hiyo kazi yake ni kuanzia maua yanapochomoza na matunda yakiwa madogo, hasa mvua ikikaribia, baada ya kukata na kuchoma moto vijiti vikavu na vikole vya zamani. Kwa ile iliyokwisha kuingia, njia inayotumika sana duniani ni kuyatumbukiza maembe kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika tano hadi kumi mara baada ya kuchuma. Tumia kipimajoto, usikadirie kwa mkono: maji yakizidi joto huliunguza ganda, na ganda lililoungua halina kinga yoyote.

Ipo pia njia ya kuuamsha mmea wenyewe ujiandae. Mwaka 1961 A. F. Ross alionyesha kwamba tumbaku iliyoshambuliwa jani moja hupata ukinzani hata katika majani ambayo hayakuguswa, na baadaye ikajulikana kwamba asidi ya salisili ni sehemu ya mawasiliano hayo ndani ya mmea. Zipo dawa zinazoiga asidi hiyo. Kwa miembe 34 ya Tongoni mimi nisingeanza nazo. Ningeanza na msumeno wa kupogolea.

Mkulima wa Tongoni aliandika:

Nimeelewa, dada, wala sijaudhika. Kesho naanza kukata vijiti vikavu, na jirani yangu ameahidi kuniazima ngazi yake ndefu. Bibi, upondo wenye kifuko nitamtengenezesha fundi kabla ya msimu, nami nitawafundisha vijana kushusha embe na kikonyo chake. Maembe kumi na mawili nitayabakiza tena Desemba ijayo: sita yenye vikonyo na sita yaliyokatwa shingoni, yote juu ya rafu ileile ya jikoni, na nitaandika hapa siku ambayo kila moja litatoa doa la kwanza. Picha za mwanzo na maelezo haya nimemtumia yule mnunuzi. Amejibu kwamba atakuja mwenyewe kuona wakati wa maua.